Barabara Iliyotukuta Kaaga

Mama ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa ameinama kwenye sukuma wiki zake nyuma ya nyumba, akasikia watu wakizungumza juu ya tuta, na alipoinua kichwa akaona wanaume watatu wamesimamisha kile chombo cha kupimia ardhi chenye miguu mitatu. Mmoja wao alikuwa amefumba jicho moja, na kwa lile jingine alitazama moja kwa moja hadi mlangoni petu.

"Wamerudi," Mama aliniambia alipoingia jikoni. Mikono yake ilikuwa na udongo na hakuinawa. Alizunguka meko, akachukua sufuria, akairudisha, akatoka tena nje.

Sikuuliza ni kina nani. Kabla hatujahamia Meru, kulikuwa kumeanzwa barabara pana ya kuuzunguka mji, ili malori ya mizigo yasipite katikati ya maduka. Ilichimbwa, ikapanda vilima, ikafika nyuma ya mtaa wa Kaaga, ikakoma. Wengine walisema fedha ziliisha, wengine wakasema mwenye kandarasi aligombana na wakubwa. Kilichobaki kilikuwa tuta refu la udongo mwekundu na safu ya mabomba makubwa ya zege ambamo mbuzi walilala mvua iliponyesha. Mbele ya tuta, pale ambapo barabara ingepita kama ingeendelea, watu walikuwa wamepanda mahindi, wakajenga kanisa la mabati, vibanda vya mboga, na nyumba. Yetu ilikuwa mojawapo, na ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mahali tuta lilipoishia.

Baba alikuwa seremala kutoka Kiambere. Nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, bwawa lilijengwa kule kwenye mto Tana, na shamba letu likawa miongoni mwa yale yaliyotakiwa kuyaachia maji nafasi. Nakumbuka kidogo tu: Mama amebeba kuku ndani ya kikapu, na Baba akitembea mbele bila kugeuka. Tulikaa kwa shangazi yangu Kiritiri miaka kadhaa. Baba alijaribu ndengu na mtama kwenye ardhi ya kuazima, mvua ikamdanganya msimu baada ya msimu, hadi aliposikia kwamba Meru kuna kazi ya kuezeka nyumba. Akatangulia, kisha akatuita. Kiwanja alikinunua kwa mtu aliyemwapia kwamba ile barabara imekufa na hata matanga yake yamekwisha.

Nyumba aliyotujengea hapo ilikuwa ya mbao, kipande kwa kipande, vikiwa vimeshikanishwa kwa bolti na nati, juu ya mawe yaliyowekwa tu bila simenti. Mafundi wenzake walimcheka. Yeye alisema mtu akishahamishwa mara moja anajifunza kujenga. Mama hakuipenda tangu siku ya kwanza. Alitaka kuta za mawe na sakafu ya kumwagia maji na kupiga deki. "Hii si nyumba," alizoea kusema, "ni mzigo uliosimama wima."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja kuitwa chuo cha ualimu, na kungoja kulikuwa kumeniingia miguuni. Sikuweza kukaa. Kila alasiri nilipanda lile tuta nikatembea hadi lilipokomea ghafla juu ya bonde, nikasimama pale na kutazama ng'ambo, ambako kijito kilishuka kuelekea mto Kathita. Nilitaka barabara iendelee. Sikuficha. Niliona aibu kwa mji kuwa na barabara inayoishia hewani, na nilijiona mimi mwenyewe nimeishia hapo pamoja nayo. Mama aliponisikia nikisema hivyo, alinitazama kama aliyepewa mtoto wa jirani kwa makosa.

Wapimaji walikuja wakipigilia vigingi na kupaka rangi nyekundu. Walipofika kwetu, kijana mwenye brashi alitaka kuchora alama mlangoni. Baba aliweka randa chini akatoka.

"Hapo usipake," akamwambia kwa upole.

"Mzee, ni kazi tumetumwa."

"Najua. Paka kwenye lile jiwe. Mlango nitahama nao."

Kijana alicheka, akidhani ni mzaha. Baba hakucheka. Jiwe likapakwa.

Juma lililofuata chifu aliita baraza kwenye uwanja wa shule. Alikuja na injinia, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, ambaye alieleza kwamba kandarasi mpya imetolewa na barabara itakamilishwa, na wote waliojenga mbele ya tuta wako kwenye ardhi ya barabara. Kabla hajamaliza, jirani yetu alisimama. Alikuwa mjane aliyeishi kwa kuuza miche: mikima, ile miti ya mbao ya kupanda kando ya mashamba, makadamia, maparachichi. Kitalu chake kilianza pale ua wetu ulipoishia.

"Injinia," alisema, "mliondoka hapa mkatuachia shimo na udongo. Udongo ukashuka na mvua ukaingia majumbani kwetu. Ni sisi tulipanda nyasi ukatulia. Leo mnatuuliza nani alitwambia tukae?"

Watu walipiga makofi. Mzee wa kanisa naye akasema madhabahu hayasukumwi na tingatinga. Mama, ambaye Kimeru chake hakikuwa kimenyooka na wanawake wa sokoni walikuwa wakimtania kwa hilo, alisimama akasema kwa Kiswahili kwamba yeye hana la kuongeza ila hapo haondoki. Akakaa. Makofi yakawa makubwa zaidi.

Kisha Baba akainua mkono. Uwanja ulinyamaza, kwa maana hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu.

"Mtaanzia upande gani?" akauliza.

Injinia alisema wataanzia kwenye tuta.

"Asante," Baba akasema, akakaa.

Nilisikia watu wakisonya nyuma yangu. Tulirudi nyumbani Mama akiwa mbele, mimi katikati, Baba nyuma, na hakuna aliyemngoja mwenzake kwenye daraja la miti.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio wa nati zenye kutu zikizungushwa. Baba alikuwa juu ya ngazi upande wa chumba cha kuhifadhia vyombo, akifungua mabati. Aliyashusha moja moja akayalaza uani. Alifanya vile kila siku kabla ya kwenda kazini, bila haraka. Kwanza kile chumba, kisha ukumbi wa mbele, kisha upande wa jikoni. Nyumba ilianza kuingiza upepo. Julai ya Meru ina ukungu unaoshuka mlimani na kukaa siku nzima kama mgeni asiyeaga, na sasa ulikuwa ukiingia hadi kwenye meza ya chakula.

Majirani waliona. Waliokuwa wakimwita kuwatengenezea vitanda waliacha kumwita. Kijana mmoja akapita akasema kwa sauti kwamba watu wa bondeni wakisikia mtu akikohoa wanabeba mikeka. Usiku ule Mama na Baba waligombana kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, na mimi nilikuwa nimelala upande wa pili wa ubao usio na kitu cha kuziba nyufa.

"Unawaonyesha kwamba tumekubali," Mama alisema.

"Nawaonyesha kwamba hawatanivunjia."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Kule Kiambere watu walikaa wakipiga kelele hadi maji yakafika kwenye kizingiti. Waliokoa nini?"

Nilisikia kitanda kikilia Mama alipoketi. Kisha akasema, "Kule ulitangulia mbele, nikakufuata na kuku wangu. Sikusema neno hata moja. Watu waliposema, mimi nilikuwa nafunga mizigo. Sasa mimi sijui nilikuwa nafikiri nini siku ile, kwa sababu sikusema."

 Nilimsikia Baba akigeuka kitandani, kisha akigeuka tena.

Mashine zilipofika, tingatinga moja na greda moja, wanawake walikuwa tayari. Walikuwa wamekaa mwisho wa tuta, kwenye magunia, wamejifunika mablanketi, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikichemka juu ya mafiga matatu. Walikuwa kama thelathini hivi. Mwenye kitalu alikaa katikati, na Mama kando yake. Dereva wa tingatinga alizima injini, akashuka, akaomba chai. Walimpa. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili vilevile, isipokuwa injinia alikuja akasema maneno ambayo ukungu uliyameza, akaondoka.

Nilipeleka kuni asubuhi na maji jioni. Katikati nilizunguka tu. Nilikuwa naenda kwenye tuta nikaona uso wa Mama umechangamka namna ambayo sikuwa nimewahi kuuona, anafundishwa neno la Kimeru na kulirudia vibaya na wote kucheka, nikafurahi. Kisha nikarudi nyumbani nikamwona Baba peke yake akipanga mbao kwa urefu wake, nikamhurumia, nikashika upande mmoja wa ubao. Popote nilipokuwa nilitaka kuwa pale pengine. Na bado moyoni nilitaka ile mashine iwake.

Iliwaka siku ya tatu. Injinia alikuja na mkuu wa tarafa na lori la askari wa utawala. Nilikuwa uani na Baba tuliposikia mngurumo. Baba alisikiliza, akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Swali la ajabu, kwa sababu alijua.

"Huko."

"Nenda umwambie arudi nyumbani."

Nilikwenda mbio. Askari walikuwa wameshuka wakapanga mstari, na tingatinga lilikuwa likisogea polepole, halijafika kwa wanawake bali likielekea pembeni, kwenye kitalu. Mwenye kitalu alipoona hivyo alitoka kwenye mstari akaenda kulala chini katikati ya miche yake, kifudifudi, mikono ameinyoosha. Mama alimfuata. Hakulala. Alikaa tu kitako, miguu mbele, kama mtu anayechambua maharagwe. Koleo la tingatinga lilisimama mbele yao, mahali ambapo mtu akinyoosha fimbo ataligusa.

"Mama," nilimwambia, "Baba anasema urudi nyumbani."

"Nyumba gani?" alisema, bila kuniangalia.

 Nikakaa kando yake. Udongo wa kitalu ulikuwa baridi na wenye maji, ukanipenya nguo mara moja. Mkuu wa tarafa alikuwa akihesabu kwa sauti, akisema akimaliza askari watatuinua. Ndipo nikamwona Baba. Alikuja akitembea kwa mwendo wake wa kawaida, sanduku lake la vifaa mkononi, nadhani alikuwa amesahau kuliweka chini. Alipita katikati ya askari, na hawakumzuia kwa sababu alionekana kama fundi wao. Akafika mbele ya tingatinga, akaweka sanduku chini, akamgeukia injinia.

"Mimi nimeshahama," alisema. "Ile nyumba unaiona, imebaki nusu. Sibishani na wewe juu ya barabara."

"Basi mzee, waambie hawa nao."

"Huyu ni mke wangu," Baba alisema. "Hajamaliza kusema. Mara ya kwanza hakupewa nafasi. Sasa ngoja amalize."

Kisha akakaa chini. Hakukaa kando ya Mama, kwani hapo nilikuwa nimekaa mimi. Alikaa nyuma yetu, mgongo wake ukielekea migongo yetu. Mama hakugeuka, lakini nilihisi bega lake, lililokuwa limekakamaa dhidi ya langu kama gogo, likilegea.

Sijui kama ni maneno yake, au ni yule mzee wa kanisa aliyeanza kuomba kwa sauti ya juu, au ni mvua iliyoanza saa hiyo hiyo. Mkuu wa tarafa na injinia walisogea kando wakazungumza. Dereva wa tingatinga alizima injini kabla hajaambiwa. Askari wakarudi kwenye lori.

Mazungumzo yalichukua wiki nyingi. Mwenye kitalu na Mama na mzee wa kanisa walienda ofisini wakarudi, wakaenda wakarudi, na Mama akawa mtu wa kutoka nyumbani asubuhi na viatu vya kanisani. Mwishoni ilikubaliwa hivi: barabara itapita. Mahindi yataachwa yakomae kwanza. Kanisa, kitalu na vibanda vitahamishiwa upande wa chini, kwenye kipande cha ardhi ya manispaa. Njia ya waenda kwa miguu itapitishwa chini ya tuta, ndani ya kalvati kubwa, ili watoto wafike shuleni bila kuvuka lami. Na waliojenga nyumba watalipwa fidia ya nyumba, si ya ardhi, baada ya mthamini kuja kuziona.

Nyumba. Mama alisimama uani akatazama. Zilikuwa zimebaki kuta mbili na paa la chumba kimoja, na kila kitu kingine kilikuwa kimepangwa vizuri chini ya turubai.

"Mthamini anakuja lini?" Baba aliuliza.

"Kesho kutwa."

Baba alikuna kidevu. Nilidhani wataanza tena kugombana. Badala yake Mama alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mti. Akavuka ua akaenda kwa mwenye kitalu, na baada ya muda mfupi wanawake wakaanza kuja, wale wale waliokuwa wakimsonya Baba barabarani, na nyuma yao wanaume wao, na yule kijana wa maneno ya mikeka. "Tuonyeshe kipi kinaanza, fundi," mwenye kitalu alisema. Siku mbili ua wetu ulikuwa kama harusini. Baba alisimama juu ya ngazi akielekeza, wanawake wakipitisha mbao mkono kwa mkono, mtoto wa mtu akipewa bati akipewa nati. Ukuta mmoja uliwekwa juu chini ukashushwa tena. Mama alipika, akasahau chumvi, hakuna aliyesema kitu.

Mthamini alifika, mtu mdogo mwenye miwani, akaizunguka nyumba. Aligonga ukuta, akatazama nati zilizokuwa zinang'aa mafuta.

"Hii imejengwa lini?"

"Kwani wewe ulikuwa wapi?" mwenye kitalu alimwuliza. "Sisi tumeizoea hapa miaka."

Na hilo lilikuwa kweli. Mthamini aliandika alichoandika akaenda.

Baada ya fidia kuja, Baba aliifungua nyumba mara ya mwisho. Safari hii watu walimsaidia kuipakia kwenye lori la mchanga lililokuwa likirudi Kiritiri tupu. Alikuwa ameamua kurudi chini, kwa dada yake, ambako alipata kununua kipande. Alisema amechoka na ukungu, na anataka mahali pasipohitajiwa na mtu mwingine. Mama alipanga vyombo vyake kwenye lori, kisha akavishusha.

"Mimi nina kibanda hapa," alisema. "Nimepigania kibanda nikakipata. Nikiondoka nitakuwa nimepigania nini?"

Baba alimtazama. "Nilidhani tunahama pamoja."

"Tumehama pamoja mara mbili. Hii ya tatu nenda unitengenezee. Nitakuja kuona."

Hivyo ndivyo walivyoachana bila kuachana. Mama alikodi chumba nyuma ya Kaaga na kuuza mboga na miche upande wa chini. Baba alisimamisha nyumba yake kwenye jua la Kiritiri. Mmoja wao alikuwa safarini karibu kila mwezi, na walipokutana walizungumza kama wachumba, kisha siku ya tatu mmoja anaanza kutazama mlango. Mimi niliitwa chuo upande wa Embu, katikati yao, na likizo zikawa kazi ya kuamua niende juu au niende chini. Nilipokuwa kwa Baba nilisikia vumbi likinikwaruza kooni nikatamani baridi. Nilipokuwa kwa Mama nilihesabu mashati aliyoyasahau Baba.

Mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini ziliichelewesha barabara. Upande mmoja wa tuta uliporomoka, wakaujenga upya kwa mawe. Lakini ilikamilika. Mara ya kwanza kuipita nilikuwa tayari nafundisha, nimepewa lifti kwenye pikapu ya shule yetu iliyokuwa ikienda kuchukua madawati. Lami ilikuwa nyeusi, laini, na dereva alifurahi akakanyaga mafuta. Lile bonde nililokuwa nikilitazama kutoka mwisho wa tuta tulilivuka kabla sijatambua kwamba ndilo. Nilifurahi mno, sitasema uongo. Nilihisi kama mtu aliyezuia kikohozi kwa muda mrefu akapata kukohoa.

Kisha nikamwona Mama. Alikuwa amesimama ukingoni, upande wa juu, na karai la miche kichwani, akitaka kuvuka. Alitazama huku, akatazama kule. Malori yalikuwa yakifuatana. Njia ya chini ya tuta, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa imejaa maji siku hiyo.

"Simama," nilimwambia dereva, "yule ni mama yangu."

"Hapa hakuna pa kusimama, mwalimu," alisema. "Nyuma yangu kuna lori."

Nikageuka kwenye kiti. Mama alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye lami akaurudisha. Hakuniona. Dereva alinishusha mbele, baada ya kona, penye nafasi. Nilivua viatu vyangu vya kazi, nikavishika mkononi, nikaanza kurudi kwa miguu kandokando ya barabara, malori yakinipulizia nguo, nikitembea kwa haraka, kisha nikikimbia.